Nilimweleza Daktari Siku Mbaya Tu

Mara ya kwanza kumwona daktari wa magonjwa ya akili nilikuwa na miaka 22. Nilikuwa nimelala siku tisa mfululizo, siinuki ila kwenda chooni, na mama mdogo ndiye aliyenivalisha viatu akanishika mkono hadi kwenye benchi la kusubiria. Daktari aliniuliza maswali yaliyostahili: usingizi, hamu ya kula, kukata tamaa, mawazo ya kujiua. Nilijibu yote. Akaandika sonona, na hakukosea. Aliyeketi mbele yake siku ile alikuwa mgonjwa wa sonona.

Ilinichukua miaka tisa kutambua kwamba nilimpa nusu ya habari. Naandika kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye benchi kama lile sasa hivi, na zaidi kwa ndugu aliyemsindikiza.

Nusu iliyobaki, ambayo baadaye nilikuja kujua inaitwa hulka ya saiklothimia, ni hii. Tangu nikiwa na miaka 16 hivi, moyo wangu ulikuwa unapanda na kushuka kwa siku chache chache. Siku mbili tatu niko juu: maneno yananitoka kwa kasi, usingizi wa saa nne unanitosha, kila mtu ni rafiki, kila wazo linawezekana. Kisha bila msiba wala ugomvi nashuka, na wiki nzima inapita nikijiona mzigo kwa watu. Halafu natulia kidogo, halafu mzunguko unaanza tena. Siku za juu niliziita mimi mwenyewe, za chini niliziita ugonjwa. Nani anakwenda hospitali kueleza kwamba Jumanne iliyopita alikuwa na furaha?

Nichukue usiku mmoja tu. Saa tisa usiku nimekaa sakafuni, karatasi zimenizunguka, napanga darasa la kufundisha ushonaji. Nimechora ratiba kwa rula, rangi tatu, kila wiki na mada yake. Nimeshawaandikia watu 27 ujumbe wa kuwaalika, wengine sijaongea nao miaka mitatu. Hata kulipokucha sikuwa na chembe ya uchovu. Siku ya nne baada ya hapo nilikuwa kitandani, karatasi zile zile ziko sakafuni, na simu inaita: watu wanakubali mwaliko. Kila ilipoita nilihisi kama nadaiwa. Mwishowe niliamka, nikazikusanya karatasi bila kuziangalia, nikazisukumia chini kabisa ya droo, chini ya nguo, nikazima simu. Sikuwajibu watu 27. Baadhi yao hawajanisemesha hadi leo, na siwalaumu.

Hiyo ndiyo gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti yoyote. Niliacha kazi mbili nikiwa juu, kwa barua ndefu zenye uhakika mkubwa. Nilikopa nikiwa juu na kulipa nikiwa chini. Uchumba mmoja ulivunjika si kwa sababu ya siku zangu mbaya, maana mwenzangu alizivumilia vizuri, bali kwa sababu hakujua kesho ataamka na nani.

Turudi kwa daktari yule wa kwanza. Alinipa dawa ya sonona. Wiki ya tatu nilianza kupata nafuu, wiki ya tano nilikuwa naruka. Nilikuwa nalala kwa muda wa saa tatu tu kwa usiku. Niligombana na msimamizi wangu mbele ya watu, nikaona nimeonyesha ujasiri. Niliporudi kliniki nilisema, "Daktari, nimepona kabisa." Akafurahi, nikafurahi, tukaagana. Hakuniuliza nalala saa ngapi, nami sikuona sababu ya kumwambia.

Kisha nikafanya kosa kubwa kuliko yote: nikaacha dawa mwenyewe, ghafla, kwa kuwa mtu mzima hanywi dawa. Ndani ya siku chache nilipata kizunguzungu na kitu kama mikato ya umeme kichwani kila nilipogeuza macho. Baada ya wiki mbili nikaanguka chini kuliko mara ya kwanza. Ukitaka kuacha au kubadilisha dawa ya aina hii, mwambie aliyekuandikia, ipunguzwe taratibu. Na ukiwa na mawazo ya kujitoa uhai, mwambie mtu siku hiyo hiyo, usisubiri miadi. Mimi nilimwambia kaka yangu kwa ujumbe wa maneno matatu, akaja.

Mzunguko huo wa dawa ya sonona, kupaa, kuacha, kuanguka, niliurudia mara tatu kwa madaktari watatu. Kila mmoja alinikuta chini, kwa sababu nikiwa juu siendi hospitali.

Daktari wa nne alikuwa mama wa makamo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini akauliza, "Na ukiwa mzima, mwanangu, unakuwaje?" Nikasema, "Mzuri tu." Akasema, "Nieleze huo uzuri." Nilipoanza kueleza nilijisikia nikichangamka kwa kule kusimulia tu. Akauliza zinadumu siku ngapi, nalala saa ngapi, natumia pesa namna gani, watu wa nyumbani wanasemaje. La mwisho sikuwa na jibu. Akaniomba nirudi na mtu ninayeishi naye.

Nilikwenda na kaka. Nilidhani atazungumzia kilio changu. Alichosema ni hiki: "Daktari, sisi tukimsikia anaimba alfajiri, tunajua wiki ijayo hatapokea simu." Nilimgeukia. Miaka yote ile familia yangu ilikuwa na kalenda yangu kichwani, na hakuna daktari aliyewahi kuwauliza, wala mimi sikuwahi. Kama kuna jambo moja ungelichukua kutoka kwangu, ni hilo: nenda na mtu anayekuona kila siku, mwache aseme, wewe nyamaza.

Daktari alinipeleka kwanza kupima damu, tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikiwemo, kwa sababu tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi inaweza kuleta hali zinazofanana na hizi. Aliuliza kuhusu pombe na kila dawa niliyowahi kumeza. Majibu yalikuwa safi. Ndipo nilipolisikia neno saiklothimia kwa mara ya kwanza, na kabla ya kunieleza alitenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni hulka ya saiklothimia. Hulka ni jinsi mtu alivyoumbika, namna moyo wake unavyopokea dunia tangu ujana au hata utoto. Wako wenye hulka hii wasiougua kamwe. Wanapanda, wanashuka, wanaishi. La pili ni ugonjwa wa saiklothimia, ambao una masharti. Kwa mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uitwao DSM-5, wa mwaka 2013, mtu mzima awe ameishi na kupanda na kushuka huko kwa miaka 2 au zaidi (mtoto au kijana mwaka 1), angalau nusu ya muda huo, bila kupata nafasi ya utulivu inayozidi miezi 2, na hali hizo ziwe zinamuumiza au kumvurugia maisha. Zaidi ya hapo, asiwe amewahi kufikia kipindi kamili cha sonona, cha haipomania (kupanda kwa kiasi) wala cha mania (kupanda kukubwa kunakovuruga maisha). Haipomania kamili huhesabiwa kuanzia siku 4 mfululizo. Mania, wiki nzima.

Mimi sikuingia kwenye kisanduku hicho. Siku zangu za juu zilikuwa mbili au tatu, ila sonona zangu zilikuwa kamili. Ile wiki ya tano ya dawa ilizidi siku nne, lakini ilikuja na dawa, na daktari alisema itazamwe kwa makini, isipuuzwe wala isikimbiliwe kuitwa baipola, ugonjwa ambao kupanda kwake hufikia vipindi kamili. Kwa hiyo mimi ni mtu mwenye sonona zinazorudi juu ya hulka ya saiklothimia. Nilisikitika kidogo, nakiri. Nilitaka jina moja fupi.

Jina lenyewe nililitafuta usiku ule ule, nikafanya kosa jingine: nilisoma nikiwa juu. Hadi alfajiri nilikuwa nimeshampa ugonjwa mama yangu, mama mdogo na jirani, na nimewatumia ujumbe kuwaarifu. Ikanibidi niombe radhi. Baadaye nilisoma upya, taratibu, nikiwa katikati, si juu wala chini, na yale niliyoyakuta yamenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Neno hili si la juzi. Karl Ludwig Kahlbaum, daktari wa Ujerumani, alilitumia mwaka 1882 kwa watu ambao mizunguko yao ilikuwa myepesi, isiyofikia wazimu. Mwanafunzi wake Ewald Hecker aliliandikia makala yake mwenyewe mwaka 1898. Baada yao Emil Kraepelin aliona kwamba wagonjwa wake, hata nje ya vipindi vya ugonjwa, walikuwa na hali ya msingi inayodumu, na kwamba hali hiyo ilionekana pia kwa ndugu zao wasiougua. Alizitaja nne: ya huzuni, ya uchangamfu, ya hasira, na ya saiklothimia. Nilisimama hapo muda mrefu. Mama yangu huimba alfajiri.

Mtu aliyelirudisha jambo hili mezani zama zetu ni Hagop Akiskal, Muarmenia mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Memphis kisha San Diego, aliyefariki mwaka 2021. Kabla yake saiklothimia ilikuwa ikihesabiwa kama kasoro ya tabia. Mwaka 1977 yeye na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa aina hii wakaonyesha kwamba ni ndugu wa baipola: historia za familia zilielekea huko, baadhi yao walikuja kupata vipindi kamili, na wengi waliopewa dawa za sonona za wakati huo walipanda wakawa na haipomania. Niliposoma hilo la mwisho nilifunga kompyuta. Ilikuwa imeandikwa miaka mingi kabla ya wiki yangu ya tano. Toleo la tatu la DSM, la mwaka 1980, likaihamisha saiklothimia kutoka kwenye kasoro za tabia na kuiweka kwenye magonjwa ya mihemko. Kwangu hilo si suala la makaratasi. Miaka yote nilikuwa nikiambiwa sina msimamo.

Uchunguzi ulionigusa zaidi ulichapishwa mwaka 1995. Wagonjwa 559 waliokuja na sonona tupu walifuatiliwa kwa muda uliofika miaka 11. Wachache kati yao, chini ya mmoja kwa kila kumi, walibadilika na kuwa na baipola ya aina ya pili, ile yenye haipomania badala ya mania. Swali lilikuwa: hao wachache wangeweza kutambuliwa tangu mwanzo? Dalili iliyowatofautisha kuliko zote ilikuwa kuyumbayumba kwa mihemko, tangu kabla. Si ukubwa wa sonona, wala idadi ya machozi. Ndiyo ile ile kalenda ya kaka yangu.

Mwingine, wa mwaka 2005, ulihusu watoto na vijana 80 wenye sonona. Kati ya waliokuwa na hulka ya saiklothimia, asilimia 64 walikuja kuonekana na baipola ndani ya miaka michache. Kati ya wasiokuwa nayo, asilimia 15. Mzazi mwenye kijana aliyeshikwa na sonona, tafadhali usiishie kumweleza daktari huzuni yake. Eleza na zile siku ambazo nyumba haikumtosha.

Sasa nionye kuhusu takwimu. DSM-5 inasema hatari ya mwenye ugonjwa wa saiklothimia kupata baipola ya aina ya kwanza au ya pili ni kati ya asilimia 15 na 50. Tarakimu hiyo niliisoma mara mbili. Nikiwa juu nilisema hainihusu. Nikiwa chini, siku sita baadaye, niliisoma kama hukumu, nikalia. Nilipoipeleka kwa daktari alinionyesha vitu viwili: kwamba umbali kati ya 15 na 50 ni mkubwa kwa sababu wagonjwa waliochunguzwa na muda wa kuwafuatilia hutofautiana, na kwamba hata kwa tarakimu ya juu kabisa, nusu hawafiki huko. Kisha akanikumbusha kwamba mimi sina hata ugonjwa unaotajwa katika sentensi ile. Usisome takwimu za ugonjwa wako peke yako usiku. Ziandike pembeni, zibebe, uulize.

Na dodoso. Kuna moja liitwalo TEMPS-A, ambalo jina lake limebeba miji minne: Memphis, Pisa, Paris na San Diego. Lina maswali yanayokaribia 110 na linapima hulka tano: ya huzuni, ya saiklothimia, ya uchangamfu, ya hasira, na ya wasiwasi. Linauliza juu ya maisha yako kwa ujumla, si wiki hii. Mimi nililijaza peke yangu nikiwa chini, nikalijaza tena nikiwa juu, majibu yakawa kama ya watu wawili. Mara ya tatu nililijaza na kaka ameketi pembeni, tukibishana swali kwa swali, na hilo ndilo daktari alilolichukua. Hata hivyo alisema wazi kwamba dodoso hufungua mazungumzo tu. Mtu hatibiwi kwa alama za karatasi.

Nimeulizwa kama kuitwa mtu wa hulka fulani hakukunifanya nijione nimefungwa. Nilipita hapo. Kwa miezi kadhaa nilishuku kila furaha. Mpwa wangu alizaliwa, nikashangilia, kisha nikakaa chooni najiuliza kama ni furaha au ni dalili. Daktari alinipa kipimo ninachokitumia hadi leo: furaha ya kawaida inakubali kulala. Na alinikanya nisiigeuze hulka yangu yote kuwa ugonjwa. Ule uwezo wa kuanzisha jambo, kuwaunganisha watu, kuona njia pale wengine wamechoka, ni wangu. Tunachotibu ni madhara.

Tiba yenyewe haina mshangao mwingi. Dawa ya sonona haikutumika tena peke yake. Niliwekewa lamotrijini, dawa ya kutuliza mihemko, ambayo huanzwa kwa dozi ndogo sana na kupandishwa kwa wiki nyingi, kwa sababu ikiharakishwa inaweza kuleta upele wa hatari. Nikiwa juu wiki ya pili nilitaka kuongeza dozi ili nimalize haraka. Kaka aliichukua chupa akaiweka chumbani kwake, na ninamshukuru. Wengine hupewa lithiamu, ambayo inahitaji kupima damu mara kwa mara, figo na thairoidi pia. Uamuzi huo ni wa daktari na wewe. Usiazime dawa ya mwenzako kwa kuwa mnafanana tabia.

Kilichofanya kazi kubwa zaidi kwangu, kwa maoni yangu, ni saa ya kuamka. Kuna tiba ya mazungumzo iliyokuzwa na Ellen Frank na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, kwa wenye baipola, inayojengwa juu ya kuweka sawa saa za mambo ya kila siku: kuamka, kukutana na mtu wa kwanza, kuanza kazi, kula, kulala. Nililiona jambo dogo mno kwa maumivu makubwa kama yangu. Miezi miwili nilibishana nalo. Nililala saa sita usiku leo, saa tisa usiku kesho, nikidai usingizi haupangwi. Daktari akasema, "Sawa, usipange kulala. Panga kuamka tu." Nikaanza saa kumi na mbili na nusu, kila siku, juu au chini, hata nikiwa nimelala kwa muda wa saa mbili tu. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu mno. Mwezi wa tatu kaka aliniambia hajanisikia nikiimba alfajiri, wala simu yangu haijazimwa.

Ninayo daftari. Kila mstari una tarehe, saa nilizolala, namba kutoka hasi 5 hadi chanya 5, na neno moja. Jaribu kuandika neno moja tu. Nilipoandika kurasa, kurasa zenyewe zilikuwa dalili. Nilikubaliana na kaka pia juu ya mambo mawili: nikilala kwa muda usiofika saa tano, usiku mbili mfululizo, nampigia daktari na sikopi, sijiuzulu wala siahidi kitu hadi wiki ipite, na yeye ana ruhusa ya kuniuliza, mara moja kwa siku, bila mimi kukasirika. Makubaliano hayo tuliyaandika nikiwa katikati, nikayatia sahihi. Usijaribu kuyaandika na mtu aliye juu.

Bado napanda. Mwezi uliopita nililala kwa muda wa saa nne tu, kesho yake saa nne tena, na wazo la darasa la ushonaji likarudi, zuri kama zamani. Nilizitoa zile karatasi chini ya droo, nikazitandaza. Ratiba bado inasomeka, rangi zote tatu. Nilimpigia daktari asubuhi, nikamwandikia mtu mmoja tu kati ya wale 27, kumwomba radhi, nikazirudisha karatasi, safari hii juu ya nguo.

Siku ya miadi nilimpa daftari. Akalifungua, akapita mistari ya hasi bila kusimama, akaweka kidole kwenye zile siku mbili za chanya 3. "Haya," akasema, "nianzie hapa."